Mashati manne meupe na kibanda cha rangi uani

Mashati yalikuwa manne, meupe, ya shule ya msingi, yameanikwa kwenye kamba karibu na bafu la uani. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ua, kama hatua kumi hivi, napulizia rangi nyeusi kichwa cha cherehani nilichokipandisha juu ya ndoo iliyofudikizwa. Nikamaliza, nikaosha bunduki ya kupulizia kwa thina, nikatoka kwenda dukani. Niliporudi nilimkuta jirani wa chumba cha tatu amelishika shati moja kwa mikono miwili, amelinyoosha kuelekea juani. Lilikuwa na vitone vyeusi kuanzia kola mpaka chini, kama limenyunyiziwa pilipili manga. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Fundi, hii itatoka?"

Haikutoka. Nilinunua mashati mengine manne, na jioni hiyo nikaanza kukagua ua mzima kwa tochi ya simu. Vitone nilivikuta kwenye mfuniko wa pipa la maji. Nilivikuta kwenye majani ya mlonge, ambayo mama mmoja pale nyumbani huyachuma kupikia mboga. Nilivikuta kwenye kizingiti cha mlango wangu mwenyewe. Miezi minane nilikuwa nimepulizia rangi pale, nikiamini kwamba kwa kuwa ni nje, basi hewa inaichukua. Kweli inaichukua. Nilikuwa sijauliza inaipeleka wapi.

Nyumba yetu iko Tandika, Dar es Salaam, ni ile nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita na korido katikati, ua mmoja kwa wapangaji wote. Kazi yangu ni kufufua vyerehani vya zamani, vile vya chuma cha kusubu, pamoja na vigoda, fremu za picha na baiskeli za watoto. Ni vitu vidogo, na kitu kidogo kinapoteza rangi nyingi kuliko watu wanavyodhani. Bunduki ya kawaida ya kompresa inaweza kumwaga hewani zaidi ya nusu ya rangi, hasa ukipulizia kitu chembamba kama mguu wa kigoda, kwa sababu upana wa rangi inayotoka ni mkubwa kuliko kile unachokilenga. Hiyo inayopotea ndiyo ule ukungu uliotua kwenye mashati. Kwa hiyo nikaamua kujenga kibanda.

Kibanda cha kwanza kilikuwa boksi la friji. Nililinunua Kariakoo, nikalilaza, nikakata upande mmoja, nikaweka kichwa cha cherehani ndani. Kwa mtu anayepulizia kopo moja la rangi mara moja kwa mwezi, mahali pa wazi pasipo na watu, boksi linatosha kuzuia vumbi na kulinda ukuta. Kwangu halikufaa. Rangi ikiingia kwa nguvu kwenye boksi lisilo na pa kutokea, inagonga ukuta wa nyuma na kurudi usoni mwako. Nilitoka pale kope zimeshikana. Na cherehani yenyewe ilitoka na ngozi ya chenga chenga, maana ule ukungu uliorudi ulikuwa umekauka nusu, ukatua juu ya rangi mbichi na kuikwaruza ung'avu.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho tangu siku hiyo nakisema kwa kila kijana anayekuja kujifunza kwangu: unachojenga ni njia ya hewa. Hewa safi iingie mbele, ipite juu ya kazi, itoke nyuma pamoja na uchafu wake. Kuta za mbao, za bati au za boksi zinakuja baadaye.

Nikatafuta feni. Mafundi magari waliniuzia feni ya rejeta, ya betri, yenye nguvu kweli kweli, na nikaifunga nyuma ya sanduku la plaiwudi. Nilijivunia. Kabla ya kuanza kuitumia nilikwenda Keko kumwonyesha mzee mmoja aliyenifundisha kupiga vanishi miaka ya nyuma. Nilimwamkia, akaitika, akaliangalia sanduku muda mrefu bila kusema. Kisha akaniambia niifungue ile feni, niipeleke chumba cha ndani kwenye giza, niiunganishe na betri yake.

Akanionyesha pa kuchungulia. Kwenye tundu dogo nyuma ya mota, pale kaboni zinapogusana na kile kichwa cha shaba kinachozunguka, kulikuwa na cheche. Ndogo, za buluu, zikiwaka na kuzima haraka mpaka zinaonekana kama pete moja ya mwanga. Mzee akazima. "Mwanangu," akasema, "hizo ni njiti za kiberiti. Na wewe umeziweka mahali ambapo thina yote inapita."

Nililala na picha ile. Thina ina vimiminika vinavyogeuka mvuke upesi, toluini ikiwa kimojawapo mara nyingi, na mvuke wake ukifika kiasi cha sehemu moja tu na kidogo katika mia ya hewa, unatosha kulipuka ukikutana na cheche. Tena mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi kama moshi, unashuka, unatambaa sakafuni. Na sisi uani kwetu sakafuni ndiko yaliko majiko ya mkaa.

Narudia kwa sababu naona wengi wanafanya kama nilivyofanya mimi: feni yenye kaboni isikae kwenye njia ya mvuke wa rangi. Feni ya mezani nayo haikutengenezwa kwa kazi hiyo, hata kama mota yake haina kaboni, maana swichi iko pale pale na rangi inaingia kwenye waya. Mota ikae nje, kwenye hewa safi, na kinachopita ndani kiwe panga peke yake.

Eneo la Gerezani, hapa hapa Dar es Salaam, kuna mafundi bati wanaotengeneza karibu kila kitu unachoweza kuwachorea. Mmoja alinitengenezea bloa, lile gurudumu la mapanga ndani ya nyumba yake ya mviringo kama konokono, inayovuta hewa katikati na kuitupa pembeni. Mota ni ya pampu ya maji iliyokufa upande wa maji, haina kaboni, imekaa mbali kidogo na kuzungusha bloa kwa mkanda. Tuliacha nafasi ya kutosha ili gurudumu lisiguse nyumba yake, kwa sababu chuma kikisuguana na chuma nacho hutoa cheche. Swichi iko ukutani, mita tatu kutoka kibandani. Waya wa ethi umefungwa kwenye mabati yote. Kompresa niliihamishia koridoni na kuvuta mpira mrefu, maana nayo ile swichi yake ya presha inapoiwasha na kuizima hutoa cheche, na ikikaa karibu inavuta ukungu na kuurudisha kwenye tangi.

Sanduku lenyewe halina ufundi wa kujisifu. Upana sentimita 90, kimo 80, kina 70, plaiwudi ya milimita 9, ndani nimebandika bati jembamba linalofutika. Linakaa juu ya miguu inayokunjwa, kwa sababu ua ni wa watu wote na jioni lazima kiondoke. Taa iko nje, inamulika kupitia kioo nilichokifunga juu. Katikati kuna kisahani kinachozunguka, nilichokitengeneza kwa beringi ya pikipiki na kipande cha mbao, na hicho ndicho kitu nilichokipenda kuliko vyote, maana sihitaji tena kuzunguka kazi nikiwa na mpira mkononi. Nazungusha kazi, mkono unabaki palepale, sentimita 20 hivi kutoka kwenye chuma.

Kazi kubwa ilikuwa kujua kama hewa inatosha. Wajenzi wa vibanda vya rangi hulenga hewa iingie mlangoni kwa kasi ya karibu nusu mita kwa sekunde. Ikiwa pungufu sana, ukungu unakurudia. Ikizidi mno, inakukaushia rangi kabla haijatua na kukuletea vumbi. Mdomo wa kibanda changu niliupunguza kwa pazia la turubai, ukawa sentimita 60 kwa 60, yaani meta za mraba 0.36. Ukizidisha kwa nusu mita, unahitaji bloa litoe meta za ujazo 0.18 kila sekunde, kama 650 kwa saa.

Kipimo cha hewa sina. Nilichofanya ni kushona mfuko wa nailoni wenye umbo la bomba, kipenyo sentimita 80, urefu mita mbili, ambao ukijaa unabeba karibu meta moja ya ujazo. Niliufunga kwenye tundu la kutolea hewa ukiwa umelala bapa, nikawasha, mtoto wa jirani akashika saa ya simu. Ulijaa kwa sekunde tisa. Nilihitaji tano na nusu.

Tatizo lilikuwa chujio, lile la kunasa matone ya rangi kabla hewa haijafika kwenye bloa. Nilikuwa nimeweka sponji ya godoro, nene, nikidhani kinene ndicho bora. Bloa lilikuwa linavuta kupitia kitu kisichopitisha. Nikaiondoa, nikachukua katani, zile nyuzi mbichi za mkonge zinazouzwa kwa mafundi jasi, nikazichambua na kuzitandaza kilegevu kati ya nyavu mbili za waya. Mfuko ukajaa kwa sekunde sita. Hiyo ni karibu nusu mita kwa sekunde, na ndivyo ilivyo mpaka leo ninapobadilisha chujio kwa wakati. Katani inakamata matone kwa sababu hewa inapopinda kupita kati ya nyuzi, tone zito linashindwa kupinda, linagonga na kunasa. Ikishajaa rangi ni kuni zilizopakwa petroli, kwa hiyo naitoa, naitumbukiza kwenye ndoo ya maji, na haikai usiku ndani ya kibanda.

Lakini chujio halizuii mvuke. Hapa nilijidanganya kwa majuma kadhaa. Nilikuwa naona kitambaa cheupe nilichokitundika nyuma kinabaki cheupe, nikasema nimemaliza. Tundu la kutolea hewa lilikuwa limeelekea kusini, juu ya ukuta, upande wenye kichochoro kisicho na mtu. Nilijenga Januari, wakati wa kaskazi, na upepo ulikuwa unatoka nyuma yangu na kuisaidia hewa kutoka. Mwezi wa nne ukaingia, upepo ukageuka kuwa kusi. Siku moja napulizia, naona ukungu unasitasita mdomoni mwa kibanda, kama mtu aliyesahau kitu, kisha unanijia. Kusi ilikuwa inaingia kwenye tundu na kusukumana na bloa langu. Harufu ya thina ikajaa korido mpaka chumba cha mbele, na mama mwenye mtoto mchanga akatoka naye nje akiwa amemfunika uso kwa khanga.

Mtu aliyezaliwa pwani anajua kusi na kaskazi tangu utoto. Mimi nilizijua kwa habari za majahazi na samaki, sikuzileta kwenye kazi yangu. Nilisimamisha kazi siku kumi. Fundi bati akanitengenezea bomba la inchi 8 linalosimama wima, limepita mapaa yote mawili, na juu halina kofia ya kurudisha hewa chini. Mvua ikitaka kunyesha nalifunika kwa ndoo. Upepo uwe wa wapi, unapita juu ya mdomo wake na kubeba.

Kabla ya kuanza tena niliomba kibali upya. Nilimwendea kila mpangaji, nikianza na yule wa mashati. Nilitaka kujua saa ngapi majiko yanawaka, saa ngapi nguo zinaanikwa, watoto wanarudi saa ngapi. Ndipo nikapata saa yangu: kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa sita. Chai imeshapikwa na mkaa umezimwa, cha mchana hakijabandikwa, watoto wako shule. Hakuna jiko linalowaka uani nikiwa nimefungua kopo la thina, na kama mtu ana haja ya kuwasha, aniambie nifunge. Bloa nalianzisha kabla ya kufungua rangi, na baada ya kumaliza nakiacha kitu kikauke humo humo, bloa likiendelea si chini ya robo saa, maana rangi mbichi inaendelea kutoa mvuke hata kama bunduki imenyamaza.

Saa hizo zikanifaa hata kwa rangi. Wakati wa masika nilikuwa napata tatizo la rangi kupauka, hasa nyeusi ya NC, yaani ya nitroselulosi, inayokauka haraka. Inatoka vizuri, inang'aa, halafu mbele ya macho yako inafunikwa na utando kama umeimwagia maziwa mepesi. Sababu yake ni kwamba thina inayokauka haraka inapoza uso wa chuma, na hewa yenye unyevu ikigusa pale inaacha maji ndani ya rangi. Asubuhi mapema Dar es Salaam hewa imejaa maji. Kufika saa nne jua limeshaipunguza. Siku ya mvua siguswi na haraka ya mteja, kazi inasubiri. Namwaga pia maji ya kompresa kila siku, yale yanayokusanyika chini ya tangi lake, na nanyunyiza maji sakafuni kuzunguka kibanda ili vumbi lisiinuke.

Barakoa nayo nilichelewa. Nilianza na kitambaa, nikaenda kwenye zile nyeupe za karatasi. Zote mbili zinazuia vumbi na baadhi ya matone, lakini mvuke unapita kama hazipo. Utajua jioni, kichwa kinauma na chakula kina ladha ya thina. Inayofaa ni ile ya mpira inayobana uso, yenye vichujio viwili vya mkaa maalumu pembeni, na juu yake kizuizi cha matone. Nikimaliza naitia kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana, kwa sababu ule mkaa unaendelea kufyonza hata ukining'inia msumarini, na siku ukisikia harufu ndani ya barakoa umeshakwisha.

Kuna rangi moja ambayo haiingii kibandani kwangu hata mteja alipe mara mbili: ile ya sehemu mbili ya magari, unayochanganya na hadena, dawa ya kuikaza. Hadena nyingi za aina hiyo zina kemikali ziitwazo isosianeti, ambazo huweza kumletea mtu pumu ya maisha, na pua haizisikii mapema, kwa hiyo barakoa yangu ya mkaa haina namna ya kunionya. Inataka hewa ya kuletwa kwa mpira kutoka mahali safi, na kibanda cha kweli. Uani penye watoto si mahali pake. Kazi ya namna hiyo naipeleka kwa wenye vifaa.

Nilipokuwa nasoma habari za vifaa hivi nilikutana na jambo lililonikaa moyoni. Allen DeVilbiss wa Toledo, Ohio, huko Marekani, alikuwa daktari. Mwishoni mwa karne ya 19 alibuni kifaa cha kupulizia dawa kooni mwa wagonjwa, na mwanawe Thomas ndiye aliyeligeuza wazo lile kuwa bunduki ya rangi. Kifaa kilichobuniwa ili kimiminika kifike kooni. Nikimwona kijana anapulizia milango ya chuma barabarani, T-shati ameifunga puani, wazo hilo hunirudia.

Siku tulipokamilisha bomba nilitaka kuona njia ya hewa kwa macho, bila rangi. Nilikuwa nimefikiria kuchoma karatasi. Jirani wa mashati akasema, "Ngoja," akaingia ndani, akatoka na chetezo chake na udi. Thina yote ilikuwa imefungiwa chumbani kwangu, hakuna rangi iliyofunguliwa siku ile. Aliliweka chetezo juu ya kigoda, sentimita 30 hivi mbele ya mdomo wa kibanda. Moshi ulipanda wima kama uzi. Nikawasha bloa. Uzi ukainama, ukalala kabisa, ukaingia ndani moja kwa moja, ukapita juu ya kisahani na kupotea kwenye katani. Alilisogeza chetezo kwenye kona ya chini kushoto, na pale moshi ukajikunja, ukazunguka kidogo, ukatoka nje. Akaniangalia. Nilichukua kipande cha bati nikaikata ile kona kwa mshazari, tukajaribu tena, ukaingia wote. Tukapima kona zote nne. Nyuma ya nyumba, juu ya bomba, harufu ya udi ilikuwa inaondoka kuelekea juu, na uani hapakuwa na kitu.

Tangu wakati huo chetezo linatoka kila mwanzo wa msimu, upepo unapogeuka, na kila ninapobadilisha mkanda.

Sasa hivi mezani kwangu kuna kichwa kingine cha cherehani. Ni chake yeye, jirani wa mashati, alirithi kwa bibi yake, rangi imebanduka kwenye mkono na maua ya dhahabu yamefifia. Nimekipiga msasa wa maji badala ya mkavu, kwa sababu rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi na sitaki unga wake uruke. Praima imeshakauka. Yeye anafua Jumatatu. Nitakipuliza Jumanne, saa nne.